Uzi Uliomezwa na Mkanda

Mume wangu, Eom Jong-deok, hajawahi kuniomba msamaha kwa mdomo wake. Akikosea, analeta kitu. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu alirudisha lori kinyumenyume uani na kuvunja chungu cha mchuzi wa soya alichonipa mama yangu, mchuzi wote wa miaka mingi ukanywewa na udongo. Hakusema neno. Kesho yake nikakuta ameniwekea bomba la maji jikoni, ili nisiende tena kisimani wakati wa theluji. Majirani walinisifia mume. Mimi nilisimama mbele ya lile bomba nikitafuta namna ya kuligombeza.

Ni fundi wa magari. Gereji yake iko mwisho wa mji wetu wa Hoenggye, pale barabara inapoanza kuteremka mlima kwenda jiji la Gangneung. Alizaliwa kwa wakulima wa viazi waliokuwa maskini kuliko sisi, na sisi tulikuwa maskini. Injini alijifunza jeshini, kwenye malori. Alipotoka jeshini alikuwa na mkoba wa spana na sikio. Hilo sikio ndilo lililotulisha. Alikuwa akichukua bisibisi ndefu, ncha anaiweka juu ya injini na mpini anaubandika sikioni, anafumba macho, kisha anasema, "Beringi ya pampu ya maji." Wakifungua, ni beringi ya pampu ya maji. Watu walivuka mlima kuja kwake. Alikuwa na neno lake moja ambalo kila mteja alilijua: kazi yangu hairudi gereji.

Mimi sikupelekwa shule. Nilikuwa mkubwa wa wasichana, na mtu alitakiwa abaki na mama. Lakini na mimi nilikuwa na kitu changu. Mtu akinunua gari au akifungua duka hapa kwetu, hufanya tambiko: kichwa cha nguruwe kilichochemshwa, keki za mchele, pombe nyeupe ya mchele ya kumwagia magurudumu, na samaki mkavu aliyezungushiwa uzi mweupe ili mwenye mali aishi maisha marefu kama ule uzi. Wanawake wa mji waliniita mimi. Kichwa cha nguruwe nikikichemsha mimi, kilitoka kinacheka, na nguruwe anayecheka ndiye watu wanayemtaka mezani. Uzi nikiuzungusha mimi, walisema, haulegei. Wengine walidai mikono yangu ina baraka. Baraka siijui. Nilijua tu kwamba nikipita sokoni watu walinisogezea kiti, na hicho kiti sikupewa kwa sababu ya mume wangu.

Masika moja Tak Myeong-gu akapata teksi yake mwenyewe. Alikuwa ameendesha teksi za watu mpaka nywele zikaanza kumpungua, na sasa kibali kilikuwa na jina lake. Gari lenyewe lilikuwa limeshatumiwa na mtu mwingine, linatumia gesi, lakini mwili wake ulikuwa mzuri. Tak ni mdogo wa mume wangu kwa shule, walisoma shule moja ya msingi, kwa hiyo alimwita kaka na hakutaka fundi mwingine aliguse. Alimwomba abadilishe mkanda wa taimingi kabla ya tambiko.

Mkanda huo, kwa asiyeujua, ndio unaofunga shafti ya chini ya injini na kemshafti iliyo juu, ili valvu zifunguke na kufungwa kwa wakati wake pistoni zikipanda na kushuka. Una meno kama msumeno. Jino moja likikosea nafasi, juu na chini havielewani tena. Ndiyo maana umewekewa kifuniko cha plastiki, usiingiliwe na kitu.

Jong-deok aliufunga mkanda vizuri kabisa. Wakati wa kurudisha kifuniko cha juu, boliti ikakatikia ndani. Kuitoa kunataka kutoboa taratibu, na boliti mpya ilikuwa haipo. Mama yake Tak, bibi ambaye macho yake huona mambo yote ya kalenda, alikuwa ameshachagua siku: siku ambayo pepo hawatembei duniani, na siku hiyo ilikuwa kesho asubuhi. Iliyofuata ilikuwa mbali. Jong-deok akakiweka kifuniko kwenye rafu, karibu na makopo ya grisi, akafunga boneti.

"Kwani bila hicho linaenda?" nilimuuliza.

"Linaenda. Nitakirudisha wiki ijayo. Usimwambie Myeong-gu, atakosa usingizi."

Asubuhi tulikusanyika mbele ya gereji. Kichwa cha nguruwe kilicheka kama siku zote. Mama yake Tak alikizunguka, akanishika mkono.

"Mama Hye-rim, huyu umemfanya acheke kuliko mwanangu."

"Mwanao atacheka akipata abiria, mama."

"Huyu? Hata siku ya harusi yake alikuwa kama anang'olewa jino."

Tak akainama mbele ya gari lake, tukamwaga pombe kwenye magurudumu, tukala. Ikabaki kumweka samaki mahali pake. Kwa kawaida hukaa kwenye buti. Lakini buti la teksi ya gesi limejaa mtungi, nafasi iliyobaki ni ya mizigo ya abiria.

"Mtalii akichukua begi lake linanuka samaki, si atanila mimi?" Tak akasema.

"Lete hapa," Jong-deok akasema. Alikuwa amekunywa bakuli la pombe na watu walikuwa wanamtazama. "Ataenda chini ya boneti. Injini ndiyo moyo wa gari, na injini hii nimeifunga mimi."

Akamfunga samaki juu ya bomba moja, kwa uzi wake uleule. Uzi ulibaki na mkia mrefu unaning'inia.

"Baba Hye-rim, huo mkia," nikasema. "Uukate au uufungie mbali."

"Haukatwi huo," mama yake Tak akadakia, na wanawake wengine wakaguna kumuunga mkono. Hakuna mtu kwetu anayekata uzi huo. Ni kukata siku za mtu. Jong-deok akauchomeka mkia nyuma ya bomba, akafunga boneti kwa kiganja, watu wakapiga makofi.

Miezi ile ya mwanzo ilikuwa ya kucheka tu. Injini ikipata moto, samaki naye alipata moto, na harufu ikaingia ndani. Tak alikuja kutusimulia kwamba abiria wakipanda wameshiba wanashuka wana njaa, na kwamba mzee mmoja alimwomba asimame anunue pombe, maana kitoweo anakisikia kiko tayari. Mume wangu alicheka hadi akakaa chini. Boliti ya kifuniko haikununuliwa. Kila nilipofuta vumbi kwenye rafu nilikinyanyua kile kifuniko, nikafuta chini yake, nikakirudisha.

Mwisho wa kiangazi teksi ikarudi. Tak alikuwa anatoka Gangneung na watu wanne ndani, akapanda mlima, na katikati ya kona gari likaishiwa nguvu. Likakohoa. Likapiga mlio kama wa fataki ndani ya injini. Malori yalimpigia honi nyuma yake, na abiria wake wakashuka wakatembea. Alifika gereji gari linatetemeka na taa ya injini inawaka, uso wake mweupe.

"Kaka, limenidhalilisha," alisema. "Lilikuwa linapanda kama bibi mwenye magoti."

"Bibi yupi huyo?" mama yake akauliza. Alikuwa amesikia habari akamfuata gereji, na tangu saa ile alikaa kwenye kiti karibu na jiko la gereji kama mtu anayemngoja mgonjwa.

Kuanzia hapo nilimtazama mume wangu akifanya kazi, na mpaka leo nikikumbuka uso unapata moto. Kwa sababu alikuwa fundi mzuri. Mtu asiyejua angekosa kwa kutojua.

Kwanza aliunganisha kile kimashine cha kusoma hitilafu. Kikamwambia wazi: kemshafti na shafti ya chini haziendi pamoja. Akakitazama, akakizima.

"Kinasemaje?" Tak akauliza.

"Sensa."

Akabadilisha sensa ya kemshafti. Injini ikatetemeka vilevile. Akasema sensa mpya nayo mbovu, akaweka nyingine. Vilevile. Akafuata waya mmoja mmoja na taa ya kupimia, akasafisha viungo vyake. Kesho yake akatoa plagi zote, akabadilisha koili, akafungua kifaa cha gesi na kukiosha kwa brashi kama anaosha meno ya mtoto. Aliweka bisibisi sikioni akasikiliza injini nzima, mbele, nyuma, pembeni. Upande wa mkanda hakuigusisha ile bisibisi. Niliona. Mkono ulifika karibu na pale ukageuka, kama mkono wa mtu anayepita karibu na sufuria ya moto.

Niliweka chai ya shayiri mezani, nikamwambia chini chini, "Baba Hye-rim, tazama mkanda."

"Mkanda niliufunga mimi."

"Ndiyo maana nasema."

"Nenda jikoni."

Siku iliyofuata akapima nguvu ya kubana hewa. Unatoa plagi, unaingiza geji kwenye tundu lake, mtu anawasha starta, sindano inapanda. Tak aliwasha, yeye akasoma. Tundu la kwanza lilikuwa chini. La pili chini. La tatu na la nne, chini vilevile, sindano ikasimama palepale kila mara. Alishika ile geji kwa muda mrefu.

"Moja ingekuwa chini, ningesema valvu imeungua," akasema. "Zote zikiwa chini sawasawa..."

Akaipangusa geji kwenye suruali.

"Zikiwa sawasawa nini, kaka?"

"Injini imechoka."

Nilijua wakati ule kwamba ameshajua. Nimeishi naye kutosha. Valvu zikifunguka nje ya wakati wake, matundu yote yanapoteza hewa kwa kiasi kimoja. Mwenyewe alinieleza hivyo miaka mingi nyuma, tukiwa wawili, akichora kwa kidole juu ya meza yenye unga. Sasa alimwambia mtu aliyemwita kaka kwamba injini yake imechoka, injini aliyoisifu mwenyewe masika mbele ya watu. Tak akakaa juu ya tairi kuukuu. Mama yake akaanza kusema na nafsi yake kuhusu siku ya kalenda, kama kweli ilikuwa ile.

Nafikiri ni yule bibi aliyemshinda. Alisema, "Fundi, kama umeshindwa sema, tulipeleke Gangneung." Hakusema kwa ubaya. Lakini Sun-rye, jirani yetu muuza tofu ya soya, alikuwa ameingia na ndoo yake, na nyuma yake wanawake wengine wawili waliotoka sokoni, na wote walisikia. Kazi yake ingerudi, tena ingerudi kwenye gereji ya mwingine, na huyo mwingine angefungua boneti.

Jong-deok akachukua spana ndefu. Akaigeuza puli ya chini kwa mkono, taratibu, mpaka alama yake ikakutana na alama ya injini. Kisha akainua taa kutazama gurudumu la kemshafti kule juu. Alama ya juu ilitakiwa iangaliane na mkato uliochongwa kwenye injini. Ilikuwa imepita. Jino moja. Upana wa ukucha wa kidole kidogo. Watu wote waliinama pamoja naye kana kwamba wanaelewa.

Halafu akaingiza koleo ndogo kati ya mkanda na meno ya gurudumu, akavuta. Kikatoka kitu cheusi, kimesokotwa na grisi, kikarefuka, kikaendelea kutoka. Mkia wa uzi ulikuwa umeachia bomba, ukavutwa ndani, ukajizungusha kwenye gurudumu mpaka mkanda ukanyanyuka na kuruka jino. Juu yake samaki alikuwa bado ananing'inia, amekuwa rangi ya kahawia, mdomo wazi.

Nilimtazama mume wangu. Pale mbele yake mkanda ulikuwa uchi, na kifuniko chake kilikuwa kwenye rafu nyuma ya kichwa cha Tak. Alichotakiwa kusema kilikuwa kifupi.

"Ni uzi," akasema. "Uzi wa mke wangu."

Mama yake Tak akasimama. Alifungua kiganja, Jong-deok akamwekea ule uzi mweusi, na bibi akautazama kama mtu aliyeonyeshwa nguo ya mtoto wake aliyezama. Uzi ule ulikuwa maisha ya mwanawe, na umetafunwa na mashine. Kisha akageuka kwangu.

"Mama Hye-rim. Siku ile ulipouzungusha, ulikuwa msafi?"

Aliuliza mbele ya wanaume. Mbele ya Sun-rye na ndoo yake. Kila mwanamke pale alijua swali lina maana gani: kama nilikuwa kwenye siku zangu, kama nilitoka msibani, kama nililala na mume wangu usiku ule nikaamka nikashika kitu cha tambiko bila kuoga. Katika umri wangu, na binti yangu Hye-rim ameolewa.

"Nilikuwa msafi, mama."

"Umekumbuka vizuri?"

"Nimekumbuka."

Nikamtazama Jong-deok. Alikuwa ameinama kwenye sanduku anatafuta spana, na spana aliyoihitaji ilikuwa mkononi mwake. Ningeweza kunyoosha kidole kwenye rafu. Lakini mwanamke anayemfedhehesha mumewe mbele ya wateja wake, kwetu, anaonekana mbaya kuliko mwanamke mchafu, na hilo yeye alilijua alipofungua mdomo. Nikachukua vikombe vya chai nikaingia jikoni. Nyuma yangu nikamsikia Sun-rye akisema polepole, "Siku hizi hata uzi wenyewe haununuliwi mzuri," na nikamshukuru moyoni, nikidhani ananitetea.

Kabla jua halijazama injini ilikuwa imetulia. Alirudisha mkanda nyuma jino moja, akashukuru valvu hazikupinda, akawasha, ikaunguruma laini. Na kifuniko akakirudisha jioni hiyohiyo. Boliti ilipatikana.

Baada ya hapo watu hawakunitukana. Ningefurahi kama wangenitukana. Msimu wa baridi ulipokaribia, mwenye duka la vifaa vya kutelezea kwenye theluji alifungua tawi, na kichwa cha nguruwe alikichemsha mwanamke mwingine. Nilikiona nikipita. Mdomo umefungwa, kama nguruwe aliyefiwa. Wakakipenda hivyohivyo. Sokoni viti vilikuwa vimejaa nikifika. Mtoto wa mtu fulani alipotimiza mwaka, sikualikwa kukata keki za mchele. Nikaanza kupita njia ya nyuma, na nikipita nilikuwa nikinusa mikono yangu. Nilijua sina kosa. Bado niliinusa.

Halafu ikaja siku ya kutengeneza kimchi, kabichi zilizokolezwa chumvi na pilipili za kula majira yote ya baridi. Kila mwaka tulikuwa tunafanya pamoja uani kwa Sun-rye, kabichi za nyumba zote, leo zangu kesho zako, na masengenyo ya mwaka mzima. Nilimuuliza Sun-rye ni lini.

"Mwaka huu tumekuwa wengi," akasema, anakata tofu. Kisu hakikupumzika. "Hata mahali pa kuweka miguu hakuna."

"Mimi miguu yangu ni miwili tu, Sun-rye."

"Mama Hye-rim, usinibane. Ni bibi Tak. Anasema asiguse chakula mtu ambaye... basi. Usinibane."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu. Sikulia.

"Nenda kwa mama yake Tak. Mwambie kifuniko hukukirudisha. Neno moja."

"Mambo yale yamepita."

"Kwangu hayajapita."

"Nikisema hivyo nani ataleta gari hapa tena? Fundi anayeacha mkanda wazi?"

"Na mimi nani ataniita?"

"Kuitwa, kuitwa. Kwani unakula kuitwa? Unakula gereji hii."

Kesho yake gari la duka likaja uani. Wanaume wawili wakashusha friji jipya la kimchi, kubwa, lile lenye milango miwili ambalo nilikuwa nimelitazama dukani. Jong-deok alisimama pembeni, mikono mfukoni, akingoja uso wangu ubadilike.

"Nimekuomba neno, umeniletea friji," nikasema.

"Ni zuri. Lina sehemu mbili."

"Nitaweka nini ndani, baba Hye-rim? Wewe?"

Wale wanaume wa duka wakacheka, kisha wakaona hatuchezi, wakamaliza kazi haraka.

Nilitia kabichi chumvi peke yangu. Nilizigeuza, nikaziosha kwa maji ya barafu, nikazipanga uani kwenye mikeka. Kazi ile ya peke yako ni aibu ya mchana kweupe: ua wetu uko kando ya barabara, na kila aliyepita aliona beseni jekundu na mwanamke mmoja. Jong-deok alikuwa mlangoni mwa gereji. Alinitazama asubuhi nzima. Kisha akaosha mikono kwa sabuni ya unga, akarudia, akavaa glavu zangu za mpira zilizokuwa ndogo kwake, akaja akakaa kwenye mkeka mbele yangu. Mwanaume wa kwetu hakai kwenye kimchi. Alichukua kabichi akaanza kupaka pilipili kati ya majani, jani kwa jani, kama anapaka grisi. Kazi yake ilikuwa mbaya.

Teksi ya Tak ikaingia kubadilisha oili. Mama yake akashuka, akatuona, akasimama kwenye kizingiti cha ua, asijue aende wapi. Tak alibaki nyuma ya usukani.

Jong-deok hakuinua kichwa. Alisema na kabichi.

"Mama. Kile kifuniko cha mkanda wa gari la Myeong-gu, siku ile ya tambiko sikukirudisha. Boliti ilikatika. Kingekuwepo, uzi usingeingia. Samaki nilimfunga mimi. Uzi niliuchomeka mimi. Mama Hye-rim hana kosa."

Shingo yake ilikuwa nyekundu mpaka kwenye masikio. Nilikuwa nimengojea maneno hayo tangu kiangazi, na yalipokuja mikono yangu ilisimama ndani ya beseni. Nilimtazama bibi nione uso wake utakavyobadilika.

Haukubadilika.

"Najua," akasema.

"Unajua nini, mama?" nikauliza.

"Myeong-gu aliniambia siku ileile, tulipofika nyumbani. Alikiona kwenye rafu. Na Sun-rye alikiona."

Tak akapandisha kioo cha dirisha lake.

"Ulijua tangu kiangazi," nikasema.

"Sasa ningefanyaje, mwanangu?" Akaja akachutama kando ya mkeka, magoti yakilia. Aliniongelea kwa upole, kama mtu anayeeleza jambo la wazi. "Mwanangu anashuka ule mlima kila siku. Breki zake anazishika nani? Mume wako. Nikimwaibisha fundi mbele ya watu, kesho atamfunga breki kwa moyo gani? Wewe ni mwanamke, ni mtu wa nyumbani. Nilijua utavumilia. Nilisema mwaka ukipita tutakuita."

"Na Sun-rye naye?"

"Sun-rye ana gari lake la tofu."

Nilikuwa nimedhani aibu yangu ni kwamba watu wananiona mchafu. Hawakuwahi kuniona mchafu. Waliniangalia, wakatupima, fundi na mimi, wakachagua. Nami nilikuwa nimepita njia za nyuma, nikinusa mikono yangu.

Jong-deok ndiye aliyekuwa na hali mbaya kuliko sisi wote. Alikuwa amekusanya moyo wake wote kwa lile neno, na kumbe alikuwa akificha kitu ambacho mji mzima ulikuwa unamfichia. Waliomtazama usoni kila siku wakamwita fundi walijua. Kabichi ilimtoka mkononi.

Bibi akachukua glavu iliyokuwa pembeni, akaanza kuivaa. "Haya, nipishe. Nyie wawili mtamaliza lini hizi?"

"Acha, mama," nikasema. "Sisi tunatosha."

Aliniangalia, glavu imefika nusu ya mkono. Alisubiri niseme neno lingine, lile ambalo mwanamke wa kwetu humwambia mkubwa ili mambo yaishe. Sikulisema. Akaivua glavu, akaiweka juu ya mkeka kwa adabu, akainuka kwa kujishika kwenye ukingo wa beseni, akatembea mpaka kwenye gari. Waliondoka bila kubadilisha oili.

Mwaka uliofuata waliniita kwenye tambiko la lori jipya la Sun-rye. Nilikwenda. Nilichemsha kichwa, kikacheka, na uzi niliuzungusha mbele yao wote. Kiti walichonisogezea sikukikalia.

Siku ile ya kabichi, baada ya teksi kutokomea, mume wangu alikaa, mikono imelala magotini ndani ya zile glavu ndogo.

"Wote walijua," akasema mwishowe.

"Wote," nikasema.

Akaiokota kabichi yake, akaifuta, na akaanza upya jani la kwanza. Sikumtuliza. Nilimsogezea beseni, maana mikono yake haikulifikia, tukaendelea mpaka kabichi zikaisha.